Courant ya Bahari

Bahari sijaiona mpaka leo. Nalisema mapema kwa sababu watu wakisikia kwamba nimemaliza ujana wangu nikihesabu mikondo ya Bahari ya Hindi, huniuliza maji yake yana rangi gani, nami hukasirika bure. Sijui. Nilizaliwa Murara, mjini Goma, katika nyumba ya mbao, na maji makubwa ninayoyajua ni ya Ziwa Kivu. Babu yangu alijisifu kwamba ukoo wetu ulitoka pwani na biashara, ukakaa Maniema, ndipo ukafika hapa, lakini hata yeye bahari aliisikia tu kwa baba yake. Tulirithi sifa hiyo pamoja na ubishi.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka vitenge na sabuni Butembo na kurudi na maharage, na mvua ndiyo iliyoamua kama atarudi wiki hii au ile. Matope yakimshika njiani, nyumbani tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, na mama aliitukana mvua kwa majina ambayo sitayaandika. Kwa hiyo nilipofika chuo, na profesa wa fizikia akatuambia kwamba mvua yetu huanzia mbali baharini, nilisikiliza kuliko wenzangu. Alisema Bahari ya Hindi ikipata joto upande wake wa magharibi, mvua ya bara huvurugika. Ila kuhusu Kivu hakuna aliyejua kwa hakika. Tuko kati ya bahari mbili, ya Hindi na Atlantiki, na haikujulikana mvua yetu inaitii ipi. Nilitaka kulijibu swali hilo. Lilionekana dogo.

Njia ya kulijibu ni kutengeneza bahari ndani ya kompyuta. Unaigawa katika vyumba, juu mpaka chini, kila chumba unakipa joto lake na chumvi yake, halafu unaandika sheria za namna maji yanavyosukumana. Mwanzoni bahari hiyo imelala, haina mkondo hata mmoja. Unaipulizia upepo, unaiwashia jua, unainyeshea mvua, kisha unaiacha ijizungushe kwa miaka mingi ya kihesabu mpaka itulie katika mwendo wake, maana maji ya chini kabisa ni mazito na huchelewa kupata habari. Bahari ambayo haijazoea haikuambii kitu cha kweli. Ikishazoea ndipo unaweza kuichokoza, ukaizidishia joto hapa au pale na kuona itajibu nini. Kwa kompyuta ya kawaida kazi hiyo huchukua miezi, usiku na mchana. Ina sharti moja tu, kwamba mashine isizimike. Mtu wa Goma akilisikia sharti hilo hucheka, na ana haki.

Nilikuwa bado sekondari wakati lava ilipopita katikati ya mji. Nyumba yetu iliungua, na nguzo za umeme za avenyu yetu, yaani mtaa wetu, zikaenda zote. Tulijenga tena juu ya lava ile ile, chini yake kukiwa bado na joto, lakini nguzo hazikurudi. Watoto walizaliwa, wakaanza shule, na bado tulikuwa tunasomea taa ya mafuta na kuwasimulia kwamba zamani ukutani palikuwa na kitufe.

Katika hali hiyo baba akatangaza msikitini kwamba mwanawe anasoma courant. Chuoni tulifundishwa kwa Kifaransa, na kwa Kifaransa mkondo wa maji ni courant. Lakini kwetu neno hilo lina maana moja tu, umeme wa nyumbani, na mtu akisema courant imeenda, hakuna anayefikiria bahari. Jioni ile ile wazee wa avenyu walikuja kunitazama kama bwana harusi.

“Mutoto yangu anasoma courant ya bahari,” baba akawaambia.

“Ya bahari?” mmoja akasema. “Kama anaweza ya bahari, hii ya avenue itamushinda?”

Niliwaza kucheka, nikaona hakuna mwingine anayecheka. “Muzee,” nikamwambia baba, “haiko courant ya taa. Ni maji yenye iko natembea.”

“Na courant ya Ruzizi inatokaka wapi?” baba akaniuliza mbele yao. “Haiko kwa maji yenye iko natembea?”

Umeme wa mji kweli ulitoka kwenye bwawa la mto Ruzizi. Wazee waliondoka wameridhika, na tangu siku hiyo, kila nilipokana, walisema nina unyenyekevu, na nilipokana kwa ukali walisema nina maringo. Mwishowe walinichagua mwenyekiti wa kamati ya courant ya avenyu. Mimi, ambaye sikuwahi kubadilisha hata balbu bila kupigwa shoti, nikawa ninaitwa président na watu wazima.

Mke wangu nilimwoa miaka hiyo. Watu wake ni wa Kindu, kule Maniema, yeye akiwa amekuja Goma kuuza vitenge kwa shangazi yake, na hakuwahi kuupenda mji huu hata dakika moja. Hakupenda kulala chini ya mlima unaowaka. Hakupenda namna kila kizazi cha waasi kinavyotujia na majina mapya na buti zile zile. Tukakubaliana, na tulikubaliana kwa mapenzi, si kwa ugomvi: nimalize kazi yangu ya shahada ya udaktari, nipate nafasi ya kufundisha chuoni Kindu, ambako nilikuwa nimeahidiwa nikiwa na shahada hiyo mkononi, na tuhame na watoto. Na udaktari wangu ulikuwa umesimama juu ya bahari ile. Ikizoea, nitaichokoza, ikijibu, nitaandika, nikiandika, tutaondoka. Mambo yote ya nyumba yetu yalikuwa yanangojea maji yatulie.

Mara ya kwanza niliizungusha kwenye kompyuta ya chuo, chumba cha profesa, kwa jenereta. Bahari ilikuwa imeanza kupata uhai wakati waasi walipokaribia mji. Askari waliokuwa wakitulinda waliondoka jioni, na kabla wale wengine hawajaingia, milango ya chuo ilikuwa imeshavunjwa. Nani aliyevunja sijui na sikuuliza. Nilikuta meza, na vumbi lenye umbo la mraba pale mashine ilipokuwa. Profesa alivua miwani pale mlangoni, akasema kwamba yeye amechoka. Baada ya miezi michache alipata kazi Ulaya. Alikuwa mtu mwema na aliendelea kunisimamia kwa ujumbe, lakini siku alipopanda ndege nilimwonea wivu.

Mara ya pili niliizungusha nyumbani. Wakati huo kampuni moja ilikuwa imeanza kuuza umeme wa mto mdogo, na kwa cheo changu cha uongo nilikwenda nayo huku na huku, nikabishana na mafundi, nikajifunza majina ya vifaa, nikakaribia kupiga magoti ya kweli, mpaka avenyu yetu ikapata nguzo. Walinibeba mabegani. Baba alikuwa amezeeka sana, akaketi chini ya balbu akiitazama mpaka machozi yakamtoka, akasema, “Nilibaambia.” Nikaona nimwache. Courant ya nguzo ikawa inalisha courant ya bahari, na kusema kweli sikuona tena aibu juu ya neno lile.

Ulikuwa wakati mzuri kuliko zote nilizowahi kuishi. Asubuhi moja nilichora picha ya uso wa bahari, mishale midogo ikionyesha maji yanakokwenda, na nikaona mkondo wa pwani ya Somalia umegeuka. Bahari halisi hufanya hivyo kila mwaka pepo zinapobadilika, na sikuwa nimeuamuru ugeuke. Nilikuwa nimeandika sheria tu. Nilipiga kelele, mke wangu akaja na mwiko mkononi. Alikuwa akiiita kompyuta ile mbanda wake, yaani mke mwenza.

“Mbanda amefanya nini leo?”

“Angalia. Maji imegeuka yenyewe.”

Aliiangalia mishale. “Basi inabakia kidogo?”

“Inabakia kidogo.”

“Na Kindu tutafika mbele ya mwaka ya masomo?”

Nikamwambia inshallah, na siku hiyo niliamini.

Mlima ukapasuka jioni moja bila onyo, anga ikawa nyekundu juu ya paa zetu. Lava ilisimama kabla ya kufika mjini kati, lakini ardhi ilitetemeka siku hadi siku, kuta zikapasuka, na serikali ikatuamuru tutoke. Katika moja ya mitetemeko hiyo umeme ulikatika. Kompyuta yangu huandika hali ya bahari nzima kwenye faili kila baada ya muda, ili ikizimwa iweze kuanzia hapo, na ilizimika katikati ya kuandika. Hilo sikulijua bado. Niling'oa disk nikaiweka ndani ya koti, mke wangu akabeba sufuria na Kurani, na baba akabeba leseni yake ya udereva, ambayo muda wake ulikuwa umekwisha zamani. Tulielekea Sake, mji mdogo wa jirani, pamoja na mji mzima. Baba alipakiwa kwenye pikipiki kati ya dereva na gunia la mtu mwingine, akilalamika kwamba yule kijana hajui kubadili gia.

Tuliporudi faili lilikuwa nusu. Nusu ya kaskazini ya bahari ilikuwepo, ya kusini ilikuwa namba zisizo na maana. Lile la kabla yake nilikuwa nimelifuta mwenyewe, kama nilivyofanya kila mara, kwa kukosa nafasi kwenye disk. Baba alifariki mwaka uliofuata kwa ugonjwa wa kifua, baada ya kuvuta majivu ya mlima. Mazishini mzee mmoja alimsifu kwamba aliletea avenyu mwanga kupitia mwanawe. Nililia sana, na sehemu ya kilio changu ilikuwa hasira, kwamba baba amekufa hajui nilichokuwa ninakifanya maishani, na kwamba alichokuwa anakijua ndicho pekee kilichokuwa kimefanikiwa.

Mke wangu hakuniambia niache. Ningependa angeniambia. Aliuza vitenge vyake, akaniongezea fedha za betri na plaque, yaani paneli, za jua za kuweka juu ya bati, akasema safari hii ata mulima ipasuke, mbanda hatalala. Nikaanza upya, bahari imelala, mishale hakuna. Nikaipulizia upepo.

Safari hii ilikwenda mbali kuliko zote. Maji ya juu yalizoea, ya katikati yakazoea, na yale ya chini yalikuwa yanakaribia. Nilitazama joto la kilindi kila asubuhi kama mtu anayepima homa ya mtoto. Huku nje vita vilikuwa vimerudi na vinateremka kijiji kwa kijiji. Kambi ya wakimbizi ya Kanyaruchinya, kaskazini mwa mji, ilijaa watu mpaka barabarani, kisha mabomu yakakaribia na kambi ikaanza kumiminika kwetu. Niliwaona wakipita na magodoro vichwani, nikarudi ndani kutazama kilindi. Sikuwa na kitu kingine ninachoweza kukifanya, na kile nilichokuwa nacho kilibakiza kidogo.

Waasi waliingia. Umeme wa mji ulikatika, maji ya bomba yakakatika, mtandao wa simu, yaani réseau, ukakatika. Tulilala sakafuni na watoto nyuma ya mawe ya lava tuliyojengea jiko. Kompyuta ilikuwa pale pembeni kwenye betri, taa yake ya kijani inawaka, na bahari ndani yake ilikuwa inaendelea. Risasi zilipopungua na watu wakaanza kutoa vichwa nje, mtu wa kwanza kugonga mlango alikuwa jirani yetu, muuza mkaa.

“Président, saidia. Mutoto yangu alibakia Kanyaruchinya, sijuwe kama eko muzima. Réseau inaanza kurudi, na telefone imekufa. Unipatie courant kidogo tu.”

Nyuma yake walikuwa wengine, na nyuma yao wengine, uani kwetu mpaka kwenye avenyu, kila mtu na simu mkononi. Hawakwenda nyumba nyingine. Mimi ndiye mtu wa courant, baba alikuwa ameshawaambia, na plaque zangu zilionekana juu ya bati. Anga lilikuwa zito kwa mawingu, betri ziliingiza kidogo. Nilifanya hesabu nikiwa nimesimama mlangoni. Zingetosha kulisha simu zao, au zingetosha kulisha bahari mpaka jua lirudi. Vyote viwili visingewezekana.

Mke wangu alinitazama. Alikuwa anajua hesabu ile vizuri kuliko mimi, na Kindu ilikuwa yake kuliko yangu. “Mbanda atatusamehe,” akasema.

Nilingoja faili liandikwe lote, nikalihakikisha, ndipo nikazima. Tulichaji simu mpaka betri zikaisha. Uani kwetu watu walipiga namba, wakangoja, wakapiga tena. Wengine walipokelewa, wakapiga kelele za furaha na kukaa chini. Muuza mkaa alipiga mpaka simu ikazima tena mkononi mwake. Alinishukuru kwa adabu na kwenda nyumbani. Sikuwahi kusikia kama mwanawe alipatikana, na kila nikipita mbele ya mkaa wake naona haya kuuliza.

Betri zilipotolewa mpaka mwisho namna ile hazikushika tena umeme. Mtandao ulipotulia, nilipeleka faili langu kwa profesa, kidogo kidogo, kwa simu ya mke wangu. Nilimwomba alihifadhi tu, lisije likapotea kama mengine. Nilimweleza kwamba bahari imebakiza kidogo kuzoea na kwamba nitaimalizia mimi mwenyewe nikipata betri.

Jibu lake lilinikuta ziwani. Bomba zilikuwa bado zimekauka na mji wote ulikuwa unachota Kivu kwa bidon, madumu ya plastiki, pamoja na yote yaliyokuwa yanaelea humo. Profesa aliandika kwa furaha. Alisema baada ya chakula cha mchana alikuwa na nafasi kwenye mashine kubwa ya kazini kwao, akaona kwa nini nihangaike, akaliweka faili langu humo. Bahari ilimaliza kuzoea, akaichokoza vile nilivyoeleza katika mpango wangu, upande wa magharibi, kwa nguvu mbalimbali, na yote yalikuwa tayari kabla hajashuka kunywa chai. Hata akaizungusha tena yote toka mwanzo, toka imelala, kwa kuhakikisha tu. Kazi yangu ilikuwa imeandikwa vizuri sana, alisema, haikuwa na kosa hata moja. Kuhusu matokeo, pwani ilijibu kwa nguvu, nyanda za mashariki zilijibu. Kwenu, akaandika, hakuna ishara. Mvua ya Kivu haifuati bahari hii, na akijaribu Atlantiki anadhani itakuwa vile vile. Mnapigwa na kila upande kidogo kidogo, hamfuati mtu. Nisivunjike moyo, kutopata kitu nako ni matokeo, na shahada nitaipata.

Nilisoma mara moja tu. Nilijaza bidon zangu nikapanda nazo mpaka Murara. Nilikuwa nimedhani kwamba siku bahari ile itakapomalizika nitasikia kitu kikubwa, furaha au hata uchungu mkubwa. Nilisikia aibu, kama mtu aliyekesha akisukuma mlango, na mwingine akaja kuuvuta kwa kidole.

Mke wangu alikuwa anapanga sakafuni vitenge vilivyosalia. Nilitua bidon nikamwambia kwamba kazi imekwisha, profesa ameimaliza, na udaktari nitaupata.

“Imekwisha kabisa?”

“Imekwisha kabisa.”

“Alhamdulillah,” akasema, akaziba uso kwa viganja. Kisha akasimama. Alishusha nguo za watoto kwenye kamba, akaziweka kitandani na kuanza kuzikunja, haraka haraka, zile za kuvaa njiani upande mmoja na zile za kufika nazo upande mwingine. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, na Kindu kwa barabara haifikiki. Njia ya Butembo ilikuwa imekatwa na vita. Mambo hayo aliyajua, alikuwa anayasikia kila siku sokoni, nami nilimwona yanamrudia kidogo kidogo, mikono yake ikipunguza mwendo, mpaka akabaki ameshika shati la mtoto, mkono mmoja umekunjwa na mwingine bado.

“Tunaenda upande gani?” akaniuliza.

“Kunja kwanza,” nikamwambia.